Kitenge Mbele ya Projekta

Mgeni rasmi, Mama Bourgmestre, mkuu wa komuni yetu unayehama leo, tunaona dereva ameshawasha gari na masanduku yako yamefungwa juu. Usishuke. Tutasoma risala yetu hapa hapa kwenye dirisha la gari, nawe utusikilize ukiwa umekaa.

Tulikotoka

Tulianza klabu yetu bunduki zilipopunguza sauti, watu wakiwa bado wanatazamana kwa jicho la pembeni. Ofisi yako ilituazima ghala hili la zamani la kahawa. Tunaonyesha filamu ndogo, za watu wasio na kampuni kubwa nyuma yao. Hazina magari yanayolipuka. Zina mume na mke wanaotafuta namna ya kuongea. Mwenzetu Floribert anasimama kando ya ukuta akigeuza maneno ya filamu kwa Kiswahili. Tunaonyesha mchana tu, ili kila mtu awe kwake kabla ya giza.

Tulikuwa na desturi: wawili wakianza kukumbatiana, Mama Léontine, muuza mihogo, anafunika projekta kwa kitenge chake mpaka amalize Salamu Maria mbili.

Tunachojivunia

Siku moja ilikuwa filamu ya mke aliyerudi kutoka kambi ya wakimbizi. Mume alimsogelea, Léontine akafunika. Lakini sauti haivai kitenge. Mke alisema, Floribert akageuza: "Si leo. Mwili wangu bado haujarudi."

Ephraïm, mchimba dhahabu wa Bambu, aliyezoea kucheka kila busu, akasimama.

"Mama, toa kitenge. Niko nataka kuona kama aliacha."

Léontine aliona aibu. Ni mjane wa miaka saba, na habari za mwili alizizika na mumewe. Lakini naye alitaka kuona. Akatoa.

Mume alikuwa ameacha. Alikuwa amekaa chini, anamenya viazi vitamu.

Hakuna aliyecheka. Jeannine, mke wa Ephraïm, akamwambia mbele yetu sote, "Umeona? Kumbe mwanaume anaweza kungoja."

"Nimeona," akajibu.

Tangu hapo kitenge hakikurudi, na filamu ikiisha watu wanabaki kuongea, wake kwa waume. Nyumba tano zilizovunjika zimerudiana. Moja imeachana bila mtu kushika panga, na hiyo pia tunajivunia.

Magumu

Majirani wameandika kwamba tunaonyesha uchafu. Hawajaingia hata mara moja. Walisikia tu kwamba kitenge kimetolewa. Barua yao ya kutaka klabu ifungwe iko mezani pako, na atakayekalia kiti chako hatumjui. Jenereta nayo inakohoa, lakini hatukuja kwa ajili ya jenereta.

Ombi

Karatasi hii inasema ghala libaki letu. Kalamu anayo Léontine, huyu hapa mbele yako.

Mungu akutangulie njiani, na huko uendako akupe watu wanaouliza na kungoja jibu.

Ni sisi, Klabu ya Filamu Tuketi Tuone, Bunia.

*Imeongezwa baada ya miezi mitatu, kwa daftari la klabu:* Mama Bourgmestre alishuka, akatia sahihi juu ya boneti ya gari, akasafiri. Majirani wawili walikuja kutazama. Mmoja alirudi tena. Ephraïm yuko Bambu, Jumamosi anashuka kwa Jeannine. Floribert amehamia Marabo. Sasa Sandrine ndiye anayegeuza maneno ya filamu. Xavier, aliyeandika risala, amekwenda Kilo, hakusema atarudi lini. Jenereta ilikufa, tumeazima nyingine. Léontine anakaa mstari wa mbele. Kitenge chake kiko dirishani, kinazuia jua.