Madam Phelista Amekataa Hema

Ijumaa, tarehe 28 Agosti 2026, Bi Phelista Naliaka, Madam kwetu sote, anastaafu baada ya kututabiria hali ya hewa kwa miaka ishirini na sita. Sherehe ni saa nane mchana, uwanjani, bila hema. Hema amelikataa mwenyewe. Amesema haitanyesha, na huo ndio utabiri wake wa mwisho kazini.

Alianzia Kitale akipima mvua, kisha akahamia hapa Bungoma Taasisi yetu ya Bahari, Hewa na Tabianchi ilipofunguliwa. Wageni wakiuliza bahari iko wapi huku kwenye mahindi, Madam huwaonyesha wingu juu ya Mlima Elgon na kuwaambia wangoje kidogo, inakuja. Wakulima wa Endebess hawaaniki mahindi kabla ya kumsikia redioni. Kuna mwaka aliwahimiza waanue mapema. Wakaanua wakinung'unika, na jioni ile ikaja mvua ya kubeba hata maturubai. Tangu hapo ofisi hii haijakosa mahindi ya kuchemsha.

Lakini tusimpambe kupita kiasi. Harusi ya bintiye Sandra kule Tuwan pia haikuwa na hema. Mvua ya mawe ilipiga keki, maharusi na mchungaji bila ubaguzi. Madam alivua viatu akacheza katikati ya uwanja, akipaza sauti, "Ati mvua? Hiyo ni jasho ya wingu tu, bana!" Tulicheka mpaka tukasahau kukimbia.

Jumatatu yake alilipa faini. Hapa kwetu, utabiri wako ukienda mrama, Jumatatu inayofuata unaipikia Taasisi nzima chai. Sheria hiyo aliitunga yeye, na haimsamehe hata Mkurugenzi, Dkt. Kemboi, ambaye chai yake ni maji moto yenye rangi. Ya Madam, ya maziwa mazito na tangawizi, ndiyo tunayoiota. Bahati mbaya, Madam hakosei mara nyingi.

Madam, asante kwa kazi, kwa kelele na kwa kicheko chako kinachosikika hadi getini. Ofisi itapwaya bila wewe, na hatuoni haya kusema. Nenda na afya njema, wajukuu watundu na ng'ombe wasiokauka maziwa.

Kuhusu Ijumaa, tumekubaliana kwamba hakuna atakayebeba mwavuli. Heshima yako tunailinda. Ila kimoyomoyo, kila mmoja wetu anaiombea mvua kubwa, ya mawe ikiwezekana. Ikinyesha, Jumatatu itabidi urudi utupikie chai.