Mguu Uliobaki Juu

Weka mkono kifuani uniapie kwamba haya hayatoki hapa. Umeapa? Vizuri. Na mimi niliapa hivyo hivyo, tena kwa marehemu mama yangu, na sasa nakwambia: aliyekuwa akiiba chaki ya Fundi ni Mama Pasi. Ndiyo, huyo huyo mpiga pasi wa duka la dobi, mpole kama maji ya mtungi, anayewatolea watu kahawa. Benchi lenyewe liko kati ya mlango wa dobi na mlango wa Fundi cherehani, mguu wake mmoja umewekewa tofali, na ukuta wa nyuma yake unapata joto la mvuke wa pasi, ndiyo maana kila mtu wa kwao aliye huku ugenini mwenye dakika kumi za kupumzika hukimbilia hapo. Saa kumi jioni Mama Pasi hutoka na chupa ya chai iliyojaa kahawa, na vikombe visivyofanana hata viwili. Redio hufika kwanza. Huyu anaendesha gari la vifurushi, na jina alilipata kwa kuwa hana pa kumzimia. Kisha Katibu, ambaye alfajiri hufagia ofisi za watu na jioni ni katibu wa kikundi cha ngoma. Fundi hutoka wa mwisho, sindano zimemjaa kwenye kola. Wote walitoka kwao miaka mingi iliyopita, kila mtu na sababu zake, na wote walisema wanakwenda mara moja tu.

Alhamisi yalipotokea haya zilibaki siku mbili kufika tamasha la jamii za wageni kwenye uwanja wa mji, na Fundi alikuwa na mavazi kumi na mawili ya wachezaji yanayongoja kupindwa.

— Chaki imeondoka tena, akasema kabla hajakaa. Hii ya tano. Jana nimenunua, leo sioni hata vumbi lake.

— Haba na haba hujaza kibaba, akasema Redio. Huyo mwizi anafungua shule.

— We cheka. Nguo nitazipima kwa mate?

— Ni panya, akasema Katibu. Panya wanapenda chokaa.

— Panya gani anavuta mtoto wa meza, anachukua chaki, halafu anarudisha mtoto wa meza?

— Panya wa huku wamesoma, bwana.

Mama Pasi akacheka nao. Alimimina kahawa kwa mkono wa kushoto. Wa kulia aliuficha kwenye mfuko wa aproni, maana vidole vilikuwa bado vyeupe.

Hapo akatokea Dada Kamera. Huyu binti wa watu alizaliwa huku huku, mama yake ni wa kwao, na Kiswahili chake kilikuwa kinatembea kwa ncha za vidole kama mtu anayepita kwenye sebule iliyodekiwa sasa hivi. Makumbusho ya mji yalikuwa yamemtuma kuandika na kupiga picha ngoma za wageni wote wanaocheza kwenye tamasha. Wiki tatu alikuwa hapo hapo, anauliza, anaandika.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, akasema Mama Pasi. Sogea upate joto.

— Leo nimekuja kufunga daftari. Kesho picha na maelezo yanaingia makumbusho, na baada ya hapo sibadilishi tena. Hata wajukuu wenu wakitaka kuicheza ngoma hii, watafuata tutakachoandika.

— Funga tu, akasema Katibu. Tumeshakupa kila kitu mpaka nyongeza.

— Kimebaki kimoja, baba. Mwisho wake. Mnainua mguu wa kushoto, ngoma inanyamaza, mnasimama hivyo mpaka watu wapige makofi. Maana yake nini?

Ukitaka watu waseme wote kwa pamoja, wape swali wasilolijua jibu. Benchi zima likaanza kusema.

— Korongo, akasema Katibu. Ndege akisimama majini. Nimelitangaza hilo kwenye kipaza sauti miaka kumi na mmoja na hakuna aliyenibishia.

— Watakubishia vipi na hawaijui? akasema Redio. Kwetu maji yenyewe ya kusimamia korongo yako wapi? Sikiliza, binti. Ule mguu ni wa vita. Mashujaa walikuwa wanacheza, mkuu wao akakata roho katikati ya ngoma. Nani sasa angeshusha mguu bila ruhusa?

— Wakafanyaje? akauliza Dada Kamera.

— Wakakaa hivyo. Babu yangu mzaa mama alikaa siku tatu. Uji alinyweshwa akiwa wima.

— Na haja zake? akauliza Fundi.

— Mambo ya mashujaa hayachunguzwi.

— Basi wahenga hawakukosea, akasema Fundi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Babu yako alisikia, guu likabaki zima. Lakini mimi niliambiwa vingine. Zamani mchezaji alishonewa nguo pale pale uwanjani, na huwezi kupima upindo mtu akiwa amekanyaga. Ndiyo akaambiwa inua.

— Kwa hiyo ngoma ya mababu ni tangazo la duka lako, akasema Katibu.

— Mimi nasema nilichosikia. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Hiyo methali inahusu nini hapa?

— Inahusu mgeni. Si huyu hapa?

Redio hakuwa amemaliza. Mara mashujaa wakawa mia nne, mara ardhi ikaanza kuwaka moto chini yao, mara mvua ikagoma kunyesha mpaka babu yake aliposhusha unyayo, na siku hiyo mto ukabeba daraja. Kalamu ya Dada Kamera ilikuwa inakimbia. Mama Pasi alikuwa anaitazama ile kalamu kama mtu anavyomtazama mwanawe akivuka barabara.

Maana yeye alijua. Yeye peke yake.

Miaka kumi na tisa nyuma, jioni ya kuagana, alicheza ngoma hiyo na dada yake mkubwa uani kwao, binamu yao akiwapiga picha za video. Ngoma ile huchezwa na wawili wawili, na mwishoni kila mmoja huinua mguu wa kushoto, kisha anamwachia mwenzake nafasi, anashusha mguu pale pale mwenzake alipokuwa amesimama. Mnabadilishana mahali. Ndivyo inavyokwisha, na asiye na mwenzake hana pa kushushia. Lakini jioni ile walipoinua mguu, dada yake akamshika bega.

— Tuishie hapa, alimwambia. Mahali pangu nakuwekea. Siku ukirudi ndiyo utashusha.

Binamu akazima mashine. Mkanda ule ukaingia kwenye sanduku, ukasafiri, na kikundi kilipoanzishwa Katibu akauazima, watu wakaurudia sebuleni kwake hadi picha zikaanza kunyesha mvua. Wakamuuliza Mama Pasi: imeishia hapo? Akajibu: imeishia hapo. Si uongo, siku ile iliishia hapo. Sasa watu kumi na wawili husimama kwa mguu mmoja kila mwaka mbele ya umati kwa ahadi ya wanawake wawili uani, na yeye husimama pembeni ameshika makoti yao, akiwaona wote wanamngojea dada yake bila kujua.

Angeweza kuendelea kunyamaza. Ila mwezi uliopita, akiwa amesimama kwenye meza ya pasi, alijaribu kukumbuka ule mgeuko wa mwisho, ukakataa kuja. Begani kwanza au kiunoni kwanza? Pasi ikaunguza kola ya mtu. Akaogopa kuliko alivyoogopa siku ya kupanda ndege. Ahadi ameitunza, lakini kitu chenyewe kinamtoka. Ndipo alipoanza kumpigia dada yake simu kila jioni baada ya kahawa, wautafute pamoja ule mgeuko, na ndipo chaki zilipoanza kumpotea Fundi.

— Naomba kuuliza kitu kidogo, akasema Dada Kamera, akaweka kalamu chini. Huo mguu. Ukishuka, unashuka wapi?

Redio akainamia kikombe chake.

— Unashuka chini, akasema Katibu.

— Chini wapi, baba? Mbele, nyuma, kando? Au mahali pale pale ulipotoka?

— Makofi yakishapigwa tunashusha tu. Kila mtu kivyake.

— Yaani hamjui.

Katibu alikiangalia kiatu chake cha kushoto kana kwamba ni cha mtu mwingine. Dada Kamera alingoja kidogo, akaichukua kalamu, akaandika neno korongo, akalipigia mstari chini.

— Basi naandika hivyo.

Mama Pasi aliinuka ghafla, kahawa ikamwagika.

— Nimeacha pasi kwenye moto, akasema, akaingia ndani.

Redio alitikisa chupa, ilikuwa tupu. Walitazamana. Benchi bila kahawa ni ubao tu. Fundi ndiye aliyeinama kuokota kikombe, akaona kitu kizingitini mwa dobi: alama nyeupe ya kisigino, na mbele yake nyingine, na nyingine, zinaelekea ndani.

— Jamani, akasema taratibu. Panya wenu anavaa malapa.

Wakazifuata, Fundi mbele, Katibu nyuma yake, Redio amenyamaza kwa mara ya kwanza tangu ahamie mji huu, na Dada Kamera mwisho na kamera yake kifuani. Alama zilipita kaunta, zikapita mashine za kufulia, zikaishia kwenye reli ya makoti ya wateja. Kwa nyuma walisikia mlio wa kijiko kikigonga sufuria, mdogo, wa simuni, kwa mapigo ya ngoma waliyoyajua wote. Fundi aliisukuma reli. Makoti yakateleza yote pamoja kama pazia.

Mama Pasi alikuwa amesimama mguu mmoja. Chaki ilikuwa mkononi. Sakafuni mbele yake nyayo mbili zilichorwa kwa chaki, kubwa kuliko zake, za dada yake akiwa amesimama wima, na kidole kidogo cha mguu wa kulia kimepinda nje, maana alikuwa hajasahau hata hicho. Simu ilikuwa imeegemea kopo la maji ya pasi. Alipowaona, hakukimbia wala hakushusha mguu. Ulikuwa unaning'inia shibiri moja juu ya ule unyayo mtupu.

— Nisameheni, akasema. Si korongo.

Katibu alivua kofia. Fundi aliiona chaki yake mbele ya macho yake, mkononi mwa mwizi, na hakuiomba. Dada Kamera aliishika kamera, akaiacha kifuani, akatoa daftari na kulikata lile neno.

Kijiko kikaacha kugonga. Sauti ya mwanamke mzee ikaja simuni, kubwa, ya mtu anayeamini kwamba mbali husikika kwa kupiga kelele, mtu asiyejua kwamba chumba kimejaa.

— Mdogo wangu, mimi nimeshatoka mahali pangu. Magoti yameniuma lakini nimetoka. Pako wazi. Miaka yote hii pako wazi.

Pasi ikapumua mvuke.

— Mbona kimya huko? Umeshusha, au bado?