Mzee Pedali Hakutia Sahihi

Tarehe 30 Juni, Mzee Pedali anastaafu baada ya miaka thelathini na minne katika duka letu la ala za muziki. Ofisi imeniomba niandike wasifu mfupi usio na uchokozi. Ufupi nitajitahidi.

Alianza kama mbeba mizigo, na mzigo wake wa kwanza ulikuwa ogani ya nyumbani, watu wanne, ghorofa mbili kwenda juu. Akajifunza kuitengeneza, kisha kuipiga, kisha kuiuza. Zilipoingia kibodi zinazojipigia ngoma na besi zenyewe, ukibonyeza tu noti chache kwa mkono wa kushoto, tulidhani atanuna. Wapi! Alizisoma zote, na mpaka leo hakuna anayemshinda kuzieleza.

Utaratibu wake ni mmoja: mteja avue viatu, naye avue vyake, mteja aketi kwenye ogani, ahamie kwenye kibodi, ndipo waongee. Siku moja mteja alinogewa na kibodi mpaka akaondoka na viatu vya mzee. Mzee alihudumia watu kwa soksi hadi jioni, na soksi moja ilikuwa na tundu.

Mwalimu wa kwaya aliwahi kuja akitaka ogani. Mzee alimuuzia kibodi, kwa sababu kwaya yake husafiri, na kibodi hubebwa begani, huhifadhi nyimbo, na hushusha ufunguo wa wimbo kwa kitufe kimoja mwimbaji akikwama kwenye sauti za juu. Wiki hiyohiyo muuguzi mmoja alitaka kibodi, akaondoka na ogani: safu mbili za vitufe, pedali za besi za kukanyagwa kwa miguu, spika ndani ya kabati la mbao. Dada yule alitaka kupiga mwenyewe, si kusindikizwa na mashine.

Ndiyo maana meneja alipoagiza tuwaambie wateja kwamba kibodi inafanya kila kitu, mzee alikataa palepale kikaoni. "Siwezi kumwambia mtu kwamba miguu yake haina kazi," alisema. Akapewa barua ya onyo. Aliisoma, akaikunja, akarudi kwa mteja wake.

Mwezi huu aliletewa fomu ya makabidhiano, athibitishe kwamba ogani mbili zilizobaki ni mbovu, zitupwe, na kona yake iwekwe rafu. Uongo mtupu. Alizipiga zote mbili kuanzia kitufe cha kwanza hadi cha mwisho, akaandika kwenye fomu kwamba ni nzima, akairudisha bila sahihi. Fomu ikazungushwa kwetu wauzaji, mmoja baada ya mwingine, tuitie sahihi sisi. Imerudi ofisini bila sahihi hata moja, na nasema wazi kwamba baada yake mimi nilikuwa wa kwanza kukataa.

Mzee wetu, asante kwa kutufundisha kazi, na kwa kutufundisha kuitetea. Kapumzike na mama watoto, afya iwe tele, wajukuu wakuchoshe vizuri. Ogani zako ziko palepale, zimewashwa. Kuanzia Jumatatu kona ile naisimamia mimi, na anayetaka kuzitoa aje anikute.