Romanus Bura na Pongo wa Kutunziwa

Mkokoteni ulikuwa umeshatoka Mutuka, wasikilizaji wapendwa, ukivutwa na maksai wanne kuelekea Sigino. Haukubeba mahindi. Ulibeba pongo. Pongo hai, miguu imefungwa kwa kamba, macho yamefunikwa kwa vitambaa wasije wakashtuka na kujiumiza. Mbele, fimbo mkononi, alitembea Romanus Bura, askari wa wanyamapori. Mwaka ni 1984. Lori la ofisi lilikuwepo. Dizeli haikuwepo.

Leo tunamkumbuka huyo Romanus Bura, aliyetutoka wiki iliyopita nyumbani kwake Nangara. Watu walimwita Baba Fabiola. Wengine walimwita Baba Pongo, naye aliitika yote mawili.

Kwa wale ambao hamjamwona, pongo ni swala wa vichakani. Ana rangi ya udongo mwekundu na madoa meupe, na madoa ya huyu si ya yule. Hapendi uwanda. Mwondolee kichaka, umemuua. Na kichaka cha Mutuka kilikuwa kinafyekwa chote, kwa sababu watu walikuwa na njaa na walitaka mashamba. Romanus hakuwalaumu. Aliomba tu pongo wahamishiwe kwenye korongo lenye miti na maji, juu ya Sigino.

Sasa sikilizeni vizuri. Safari ile ya maksai ilikuwa ya pili. Ya kwanza ilikuwa imefanyika mwaka uliotangulia, na ilimwaibisha. Siku ile alisimama nje ya kanisa la Sigino baada ya misa, akatangaza, "Hawa ni mali ya serikali. Asiguse mtu!" Akawafungulia, akaenda zake. Kabla mvua haijanyesha, hakubaki hata mmoja. Wote waliliwa.

Akaenda kwa rafiki yake Basil, pale Sigino.

"Basil, umekula pongo wangu."

"Wako tena? Si ulisema wa serikali?" Basil alikuwa bado anajifuta mafuta mdomoni. "Nimepanga foleni ya sabuni ya serikali tangu Pasaka, sijaiona. Nikasema basi, angalau nyama yake imenifikia."

Romanus angeweza kumkamata. Alirudi nyumbani. Mkewe Hilaria, ambaye wengi tunamwita Mama Hilaria, alitusimulia juzi tulipokwenda kuhani msiba: "Alirudi amenuna, hata chakula hakugusa. Nikamwambia, Baba Fabiola, yule ng'ombe wetu mtamba yuko kwa Basil mwaka wa tatu sasa. Njaa ni ile ile. Mbona hajamla?"

Wenye asili ya Mbulu mnaijua desturi hii. Mtu humpa mwenzake ng'ombe amtunzie. Mtunzaji hunywa maziwa, hupata samadi, lakini hachinji. Ng'ombe akifa, ataleta ngozi, mwenye mali aipapase aone kilichomuua. Asiyeleta ngozi hapewi ng'ombe tena, na habari zake zitafika mbali kabla yake.

Romanus akavuta sahani. Akala chakula chake, ingawa kilikuwa kimeshapoa.

Basi tumrudie kwenye mkokoteni. Pale Sigino aliita nyumba moja moja. Akamfunua macho pongo jike.

"Basil, njoo umwone huyu. Doa lake la begani limepinda kama mundu, na sikio la kushoto limechanika. Nakupa unitunzie."

"Baba Fabiola, acha utani. Nitamkamua nini huyu?"

"Hutamkamua. Akizaa, watu watasema kwa Basil mali huzaa."

"Na akifa?"

"Utaleta ngozi. Nikikuta tundu la mkuki, hata yule mtamba namchukua."

Wilhelmina, muuza chumvi aliyetoka Moshi, alikuwa amesimama pembeni. "Hongera Basil! Umepata ng'ombe anayelala nje!"

Watu wakaangua kicheko. Basil hakucheka. Alimtazama yule mnyama toka masikio hadi kwato, kama mtu anavyotazama mtamba wa mwenzake. Akasema, "Nimempokea." Baada yake kila nyumba ikampokea wake.

Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kibaya. Watu walikula mizizi. Ninyi mliokuwepo mnakumbuka. Romanus alitembea kwa mguu kutoka Nangara kwenda Sigino, tena na tena, na kila mlango alipiga hodi akauliza, "Mali haijambo?" Wakamjibu, "Haijambo. Asubuhi imeonekana kwenye maji." Basil alifunga mbwa wake kamba. Walipotokea wageni na nyavu za kuwindia, yeye na jirani zake waliwafukuza kwa marungu. "Hao wana wenyewe!" ndivyo alivyowapigia kelele.

Ngozi moja ililetwa. Mama Paskasi, mjane, aliibeba kichwani mpaka Nangara huku analia kama aliyefiwa na ng'ombe. Romanus akaipapasa, akakuta alama za meno ya chui shingoni.

"Mama, umemtunza vizuri. Chui hana adabu."

Mvua iliponyesha, Basil alifika Nangara anakimbia, matope mpaka magotini, hakukumbuka hata kusalimu. "Amezaa! Mali yako imezaa!"

Wasikilizaji wapendwa, waliishi. Wa kwanza waliliwa wote. Wa pili waliishi, katika mwaka wa njaa, katikati ya watu wenye njaa. Kama wewe ni wa Sigino na unanisikiliza, nyoosha shingo. Ni kazi ya wazazi wako hiyo.

Tunampa pole Mama Hilaria, Fabiola na ukoo wote wa Bura. Mungu awatie nguvu. Nasi tuliobaki, kila mtu ajiulize usiku wa leo ni kitu gani amepewa atunze, na siku akiulizwa ataonyesha nini.

Mama Hilaria anaishi Nangara na mwanawe. Wilhelmina alifungua duka mjini Babati, akazeeka, akarudi Moshi. Mama Paskasi alifariki muda mrefu uliopita. Korongo la Sigino bado lina pongo.

Yule wa sikio lililochanika alikufa kwa uzee. Basil alipeleka ngozi. Romanus aliipapasa yote, haikuwa na tundu. Akampa mtamba wa pili. Basil naye alifariki miaka mingi baadaye, na ng'ombe wa uzao ule wako kwa wanawe hadi leo.