Mama Mita na Nyumba Namba Kumi na Saba

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, msoma mita wetu mkongwe atarudisha ufunguo wa vifuniko vya mita, atasaini daftari la mahudhurio kwa mara ya mwisho na kwenda nyumbani, baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi katika idara ya maji. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake kwa sababu meza zetu zimetazamana miaka ishirini na miwili. Yeye ameniomba nisizidishe nusu ukurasa. Atanisamehe.

Alianza kazi akiwa na miaka ishirini na minne, akakabidhiwa mtaa mmoja wa pembezoni mwa mji wenye nyumba mia mbili na kumi. Hajawahi kukubali kuhamishwa. Wakazi walimwita Dada Mita, miaka ikasonga akawa Mama Mita, na siku hizi watoto wa wale waliokuwa watoto wanamwita Bibi Mita, jina analojifanya halimpendezi. Mkobani mwake hamkosekani kitambaa cha kufutia kioo cha mita na brashi kuukuu ya viatu, ya kuwafukuzia siafu.

Kulikuwa na mbwa wa nyumba ya kona ambaye hakumpenda mtu yeyote wa idara hii. Mwaka mmoja Mama Mita alikwenda likizo, nikashika zamu yake, na siku ya kwanza tu nikarudi ofisini na mguu mmoja wa suruali. Aliporudi nilimweleza yaliyonikuta nikitegemea pole. Aliniuliza kama nilimsalimia mbwa kwanza.

Fomu zetu za zamani zilikuwa na safu ya mwisho iliyoandikwa Maelezo. Sisi wengine tulijaza "geti limefungwa" au "mita imezama matopeni", basi. Yeye aliuandika mtaa mzima humo. "Duka la viatu sasa ni saluni." "Mzee kaoa tena, kapaka rangi dirisha." "Ukuta mpya, majirani hawasemezani." Mkuu wa kitengo wa wakati ule alimwandikia barua kumkumbusha kwamba safu ya maelezo si gazeti. Alijibu kwa heshima zote kwamba ameelewa, na mwezi uliofuata akaandika kwa herufi ndogo zaidi.

Haba na haba hujaza kibaba. Idara ilipohamia kwenye simu na fomu za zamani zikapangiwa kutupwa, aliomba apewe. Kila Jumamosi kwa miaka mitatu alizunguka mtaani nazo, akiwauliza wazee nani alijenga wapi, barabara ya pili ilipinda kwa sababu gani, shule ilianzia sebuleni kwa nani. Mwaka jana akatoa kijitabu cha historia ya mtaa, kurasa tisini na sita, nakala mia tatu. Kila mtu alitafuta kwanza nyumba yake, kisha akatafuta ya jirani.

Sasa nifike kwenye ukurasa wa arobaini na moja, ambao yeye mwenyewe amesema nisipouandika hatakuja kwenye sherehe. Pameandikwa hapo kwamba nyumba namba kumi na saba, katika mwaka wake wa pili kazini, ilikaa tupu miezi kumi na moja. Alikuwa na hakika kabisa. Alikwenda kila mwezi, akabisha hodi, hakuitikiwa, na mita haikusogea hata uniti moja. Kwetu sisi watu wa mita, mita isiposogea hakuna mtu ndani. Hata mimi ningeandika hivyo hivyo.

Jumanne moja akaingia mapokezi mama aliyepita umri wa makamo, kijitabu kakifunga ndani ya mfuko wa plastiki. Nilimpa kiti akakataa kukaa. Alitaka kumwona aliyeandika. Binti yake wa pekee, mwalimu, alikuwa amesoma ukurasa huo. Maisha yake yote ameambiwa na mama yake kwamba alizaliwa katika nyumba namba kumi na saba, mwaka ule ule. Akamuuliza: kama nyumba ilikuwa tupu, mimi nilizaliwa wapi? Na nini kingine ulichonidanganya? Tangu hapo mwalimu alikuwa haji tena kumtembelea Jumapili. Mama alituambia kwa sauti ya chini, "Yeye ana kitabu. Mimi nina mdomo tu."

Kisha akatueleza ambayo hakuwahi kumweleza hata binti. Mumewe alimuaga mwenye nyumba kwamba wanahama, akarudisha ufunguo, akaondoka peke yake. Yeye alikuwa na mimba ya miezi saba na ufunguo wa pili, hana pa kwenda. Mwenye nyumba aliishi mji mwingine na ankara ya maji ilimfikia yeye, hivyo mita ikisogea angejua. Bomba halikuguswa. Jirani wa namba kumi na nane, fundi cherehani aliyeishi peke yake, alimpitishia ndoo juu ya ua wa nyuma. Kila mwezi alisikia binti wa maji akibisha, na mtoto alipozaliwa, kila mwezi alimpa ziwa ili asilie. Aibu ya kuishi kwa kujificha ndiyo iliyomfunga mdomo miaka yote hiyo.

Mama Mita, ambaye nimemwona akibishana na wakuu watano bila kumeza mate, aliuweka mkoba wake chini. Akasema, "Aliyekuwa anabisha ni mimi." Kile kiti nilichomwekea mgeni akakikalia yeye.

Alimwomba radhi pale pale. Ila alisema radhi haitoshi, kwa kuwa karatasi ndiyo iliyoharibu na karatasi ndiyo itakayotengeneza. Fundi cherehani alikwisha fariki, shahidi hakuna. Tukafungua maboksi ya fomu kwa siku tatu, vumbi likitupigisha chafya. Hakuitafuta tena namba kumi na saba, aliitafuta kumi na nane. Na tukaikuta: mtu mmoja, uniti sita kila mwezi, bila kubadilika. Mwezi ambao mita ya kumi na saba ilisimama, ya kwake ikasoma tisa. Mwezi aliozaliwa mwalimu, kumi na nne. Pembeni, kwa mwandiko wa Mama Mita mwenyewe: "Yamepanda mno. Fundi bomba aje akague." Fundi bomba alikwenda, akachimba ua mzima, hakuona panapovuja. Fundi cherehani alimtazama akichimba, akanyamaza. Miezi kumi na moja ilipotimia, mita ikarudi sita.

Jumapili tukaenda kwa mwalimu, mimi nikiwa mbeba boksi. Mama yake alikaa ukingoni mwa kochi kama mgeni, akamsimulia yote, ya kujificha na ya ndoo za jirani. Mwalimu aliteremsha kidole kwenye safu, mwezi hadi mwezi, akafika kumi na nne, akarudi juu, akahesabu upya. Akauliza mtoto mchanga anatumia maji yote hayo kwa kazi gani. Mama akamjibu, "Nepi. Ulikuwa hunipi nafasi." Mwalimu alicheka, kicheko kikageuka kilio, akaenda kupiga magoti mbele ya mama yake na kumshika miguu. Mimi nililia pia, na sioni haya kuliandika.

Miezi mitatu iliyofuata Mama Mita alipita nyumba kwa nyumba, akiomba kila nakala na kuisahihisha kwa mkono. Alikata ule mstari akaandika chini yake: "Si kweli. Waliishi humu mama na binti yake mchanga. Mimi ndiye niliyekosea." Wako waliomshauri aache, kwamba ni mstari mmoja tu na nani atajali. Aliwajibu kwamba anayejali yeye amekwisha kuonana naye.

Nakala mia mbili themanini na moja zimesahihishwa. Kumi na tisa hazijapatikana. Aliye nayo, au anayejua iliko, aje nayo Ijumaa. Mlangoni kutakuwa na meza, na mwalimu ameahidi kuzipokea. Sahihisho lenyewe litaandikwa na mama yake, kwa mwandiko wake, naye ameomba aandike maneno mengine: "Nilikuwa humu."

Mama Mita, idara inakushukuru, mtaa unakushukuru, na mimi wa meza ya mbele sijui nitamtazama nani. Nenda ukapumzike. Maisha yako yaliyobaki yawe marefu, yawe mema, na kila utakapobisha hodi uitikiwe karibu.