Nilisema na Pazia, Nikasikiwa

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na waliokuja wakiimba, asifiwe na waliokuja bila neno mdomoni, maana mimi nilikuwa mmoja wa hao wa pili.

Wengi mnanijua kwa mikate. Baba alipofariki niliacha skuli nikaingia kazini kwenye tanuri la mikate ya boflo kule Malindi, hapa hapa kisiwani. Mama naye akamfuata baba, nikabaki mkubwa wa nyumba yetu ya Kikwajuni na wadogo zangu watatu, kitindamimba wao Sesilia. Neno la mwisho la mama lilikuwa tusitawanyike. Watu walinisifu kwamba sitikisiki. Ndugu zangu, gogo nalo halitikisiki upepo ukipita! Tangu tumzike mama sikuweza kuomba. Nikipiga magoti naona ukuta tu. Najiuliza nasema na nani, nainuka.

Ndipo baba mdogo akatuma salamu kutoka Muheza kwamba atakuja wakati wa sikukuu ya kanisa letu, na akirudi ataondoka na Sesilia. Hakuwa na ubaya. Alisema mtoto wa kike akitoka skuli hawezi kushinda peke yake ndani, kaka zake wengine kazini, wengine skuli. Na alisema kweli.

Wakati huo vijana wa kanisa tulikuwa tunatayarisha, kwa sikukuu hiyo, mchezo wa Yusufu na ndugu zake. Mimi nilipewa kuwa Yuda, yule anayejitoa abaki mtumwa ili mdogo wao arudi kwa baba. Mwalimu Gabrieli, aliyetuongoza, alitaka jirani zetu Waislamu nao waje kutazama, maana hadithi hii ni yao pia. Akanituma nikaulize wao wanaisimuliaje. Alinichagua mimi kwa kuwa kila mlango wa mtaa unanijua, asubuhi napita na baiskeli ya mikate.

Nikaenda kwa Bi Zuhura, mjane aliyekuwa akisomesha watoto chuo, yaani Kurani, barazani kwake. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanikalisha. Ndugu zangu, mama yule alinisimulia kisa chote kwa moyo, na alipofika pale ndugu wanapoomba achukuliwe mmoja wao badala ya mdogo wao, alifuta macho kwa ncha ya kanga. Nilimwonea wivu mwema. Yeye anamlilia mtu wa zamani hivyo, na mimi sijamlilia mama yangu!

Kisha akaniuliza nani atakuwa Nabii Yusufu. Nikamwambia ni Rafaeli, kijana mwenzetu wa kanisa.

"Rafaeli huyu aliyetumbukia mtaroni na baiskeli?" Akacheka mpaka akakohoa. Halafu akatulia. "Mwanangu, sisi mitume hatuwaigizi. Watu wetu wakimwona Rafaeli na kilemba, wataondoka. Na mimi nnataka kuja."

Nikasema basi mchezo umekufa.

"Umekufa kwa nini? Kwani lazima aonekane? Tulipokuwa wadogo, bibi mkubwa wa nyumba akizungumza na wageni yuko nyuma ya pazia. Hawamwoni, na hakuna anayethubutu kukaa vibaya. Wekeni pazia."

Nilipompelekea Mwalimu Gabrieli habari hiyo alijipiga paja. Akatukumbusha kwamba katika Maandiko Yusufu alisema na ndugu zake kwa mkalimani. Basi Rafaeli akawa mkalimani wa kusimama kando ya pazia. Alinuna siku mbili tatu, maana kilemba alikuwa keshakinunua. Pazia lenyewe alituazima Bi Zuhura, akalitoa mlangoni kwake.

Siku ya mchezo ua wa kanisa ulijaa. Bi Zuhura na jirani zake walikaa benchi moja, na baba mdogo alikaa nyuma yao na Sesilia. Zamu yangu ikafika. Nyuma ya pazia palikuwa na kiti kitupu, nilikiweka mimi mwenyewe. Nikapiga magoti mbele yake, na maneno niliyokariri yakanitoka yote kichwani.

Nikasema, "Mdogo wangu huyu nilikabidhiwa na mama. Nichukue mimi. Yeye mwache."

Mchezoni hakuna mama, ndugu zangu, kuna baba! Pazia halikutikisika, wala sikusikia sauti. Lakini nilijua, kama mnavyojua ninyi kwamba mmekaa hapa, kwamba nasema na Mtu. Nikalia. Nikamlilia mama mbele ya mtaa mzima, na sikuona haya. Rafaeli alisahau kazi yake, akanitazama muda mrefu. Kisha akasema neno lake kwa sauti ndogo: "Umesikiwa."

Haleluya! Kifungo kile kilikatika pale pale, na tangu siku ile naomba.

Mchezo ulipokwisha nilimkuta Bi Zuhura amesimama na baba mdogo, amekwisha kumuuliza habari zote za Sesilia. Alimwambia kwamba mchana Sesilia atakuwa kwake mpaka mimi nitoke tanurini. "Kwangu hapana mwanamume. Atakula, atasoma vitabu vyake. Na kanisani kwao atakwenda kama kawaida, dini yake siigusi."

Baba mdogo akanigeukia, akaniuliza kama nitaweza kumlea. Nikamwambia nitaweza. Asubuhi tulimsindikiza bandarini, na aliondoka peke yake. Sesilia alishinda kwa mama yule miaka yote mpaka akamaliza skuli, na Bi Zuhura alitimiza kila neno. Namshukuru Mungu kwa ajili yake.

Ndugu yangu uliyekuja leo mkavu, huoni mtu, husikii kitu, usisubiri kumwona kwanza. Piga magoti mbele ya pazia lako, useme jina la yule unayemwombea. Kile kiti nilikiweka mwenyewe kitupu, nami nasimama hapa kuwaambia kwamba hakikuwa kitupu.