Msiniuze Nusu Bei

Vuteni viti mkae karibu, maana sauti yangu leo haifiki mlangoni, na wewe Bosi iweke hiyo simu mezani niione, isikae mkononi mwako. Mdogo wangu, waambie washonaji wa chumba cha pili wapumzishe cherehani kidogo, lakini wasiondoke, kuna mashuka ya leo hayajapindwa. Daktari amezungumza na nyinyi nje ya mlango, mimi kanipa tabasamu tu, na mtu mzima akipewa tabasamu na daktari huwa ameshaelewa. Kwa hiyo leo nasema mimi, nasema yote, na atakayenikatiza atakuwa amenikosea, kwa sababu pumzi niliyobaki nayo si ya kurudia neno mara mbili.

Nianze na lililonikaa kooni. Juzi asubuhi, Bosi, mwanangu wa kwanza, ulinipa ile tableti nitazame picha za wajukuu. Nikatazama, nikacheka, kisha kidole changu hiki kisichosikia kikagusa pengine, nikajikuta ndani ya duka letu la mtandaoni, ule upande wa nyuma mnakopanga ofa kabla hazijatoka kwa wateja. Nikakutana na sura yangu mwenyewe, tena ile picha ambayo kilemba kimekaa upande. Chini yake umeandika: "Kwa kumuenzi mama yetu mpendwa, mwanzilishi wa duka, mashuka yote nusu bei, mwezi mzima." Pa kuandika tarehe ya kuanza umepaacha wazi. Nilikaa na hiyo tableti mapajani mpaka chai ikapoa.

Usiinamishe kichwa. Sikukasirika kwamba umeupanga msiba wangu kabla sijafa, muuzaji yeyote mwenye akili hupanga mapema, na hilo nilikufundisha mwenyewe. Nimekasirika kwamba umenipangia msiba wa hasara! Jamani, nimekusomesha, nimekununulia kikokotoo, nimekukalisha hapa mezani nikakuonyesha kwa kidole, na bado unaandika nusu bei kama mtu anayeandika salamu.

Hebu sikilizeni tena, na safari hii iwaingie. Katika kila mia anayotulipa mteja, hamsini na tano ni kitambaa na uzi. Kumi na tano ni ya mikono ya hawa kina mama mnaowasikia wakikohoa hapo ukutani. Nane ni mfuko, boksi na makato ya malipo ya simu. Zinazobaki kwetu ni ishirini na mbili, na humo ndimo mnamokula, mnamovaa, na ndimo zilimotoka dawa zangu. Sasa ukiuza nusu bei unapokea hamsini kwa kitu kilichokula sabini na nane, yaani kila simu ikilia ting na wewe ukishangilia, tumetoa ishirini na nane mfukoni tukampa mtu ili atuchukulie shuka letu. Na wewe umeandika mwezi mzima! Wiki mbili tu, wanangu, wiki mbili tungekuwa hatuna hata cha kununulia jora moja la kitambaa, na huyu mama yenu mdogo na washonaji wake sita wangerudi makwao mikono mitupu, huku wewe ukihesabu oda na kusema biashara imechangamka.

Utaniambia basi tupunguze ishirini tu. Haya, ukipunguza ishirini zinatubakia mbili, na ili upate kile ulichokuwa unapata kwa kuuza shuka moja, itabidi uuze kumi na moja. Nani atayashona hayo kumi na moja? Ofa ya mwaka jana mliitoa bila kumwambia mtu wa chumba cha pili, mkaamka na oda mia tatu, na mama yenu mdogo akashona mpaka vidole vikavimba, halafu wateja wakatukana kwa sababu mizigo imechelewa. Hilo mlilisahau. Mimi sikulisahau, na yeye amenyamaza kwa heshima tu.

Nipe maji. Kidogo tu, imetosha.

Na ile ofa yenu ya kila tarehe ishirini na tano, ati mwisho wa mwezi, punguzo kwa wote! Yule mwalimu anayenunua kwetu tangu duka halijawa na mtandao alinipigia simu kuniuliza hali, nikamtania, mbona siku hizi hununui? Akanijibu bila haya, "Mama, kwani mimi mjinga, nasubiri tarehe ishirini na tano." Mnaona mlichofanya? Huyu alikuwa analipa bei kamili na anashukuru. Mmemfundisha kusubiri, na sasa anayelipa bei kamili anajiona amepigwa. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko hiki kifua, kwamba mteja mzuri mnamharibu kwa mikono yenu wenyewe kisha mnakaa mnalalamika kwamba bila ofa hakuna anayenunua.

Sasa lipo langu, na lazima nilitoe, kwa sababu sitaki kwenda nalo. Mdogo wangu, sogea. Hawa watoto wanajua tu kwamba miaka miwili hatukusemezana, sababu hawaijui. Tulikuwa na meza moja sokoni, mimi na yeye, na msimu ule biashara ilikuwa imelala kabisa. Nikachukua kadi, nikaandika bei ambayo hatujawahi kuuzia, nikaipiga mstari, nikaandika chini yake bei yetu ya siku zote kwa wino mwekundu. Watu wakajaa! Siku ya tatu akaja muuguzi mmoja, mteja wetu, akaweka risiti yake ya mwezi uliopita mezani mbele ya watu, bei ni ileile ya wino mwekundu, akaniuliza, "Umenipunguzia nini hapa?" Nikaanza kubabaisha, mara kodi, mara kitambaa kimepanda. Huyu mdogo wangu akasema mbele ya wote, "Dada, mwambie ukweli." Na mimi, badala ya kumwambia ukweli yule mama, nilimfukuza ndugu yangu mezani pale, nikamwambia asirudi. Nilisema na maneno mengine, anayajua. Muuguzi hakurudi tena, na waliokuwa wamesimama nyuma yake hawakurudi, na kusema kweli hasara ile ilinichukua miaka kuiziba, ilizidi mbali pesa nilizopata siku zile tatu. Mdogo wangu, wewe ulisema kweli na mimi nikakuadhibu. Nisamehe. Nilitakiwa nikuombe zamani, lakini nilikuwa na kichwa kigumu, na wewe ulivyorudi kimyakimya ukakalia cherehani yako nikajifanya yameisha.

Msilie, bado sijamaliza. Bosi, ile bei ya zamani unayoipiga mstari kwenye duka la mtandaoni, tuliuza lini kwa bei hiyo? Nyamaza, najua. Iondoe. Risiti siku hizi ziko ndani ya simu ya kila mtu, hawahitaji hata kuja mezani kukuaibisha.

Mali yangu si ya kusumbua kichwa. Nyumba ni yenu wawili, msiiuze, na huyu mdogo wangu atakaa humu mpaka atakapochoka mwenyewe. Cherehani zote saba na ile mashine ya kupindia ni zake, sio za duka, mtazikodi kwake kama mtu mwingine yeyote. Duka ni la wote wawili, nusu kwa nusu. Lakini ofa si ya mmoja. Wewe Bosi una maneno matamu na jicho la picha, andika, hilo nakupa kwa moyo wote, sijaona anayekushinda. Ila haitoki ofa hata moja mpaka huyu kitinda mimba wangu akae na karatasi, atoe gharama, aseme kinabaki kiasi gani, kisha aende chumba cha pili akaulize kama mikono ipo. Akisema hapana, ni hapana. Najua utanuna. Nuna. Binti yangu, wewe nawe usimwogope kaka yako, mwaka jana uliona hesabu haikai ukanyamaza, na nilikuona.

Na mkitaka kupunguza bei, maana sisemi msipunguze kamwe, punguzeni cha kilichokwama. Kule ghalani zipo foronya za kahawia, pea mia mbili na kitu, kosa langu mimi, nilinunua majora bila miwani nikidhani ni rangi ya maziwa. Hizo zinakula nafasi na vumbi. Basi mtu akinunua pea mbili za mashuka meupe kwa bei kamili, mpeni foronya za kahawia kwa nusu, siku saba, zikiisha zimeisha. Kila namba ya simu mara moja tu, na isiunganishwe na kuponi nyingine, mnamkumbuka yule bwana wa ile ofa ya usafiri bure aliyeagiza foronya nne kwa oda nne, tukamlipa mtu wa pikipiki safari nne kwa mlango mmoja? Wale wa zamani, kama mwalimu, waambieni siku mbili kabla ya wengine, wajisikie watu. Halafu mkimaliza siku saba, funga. Usiongeze siku ati kwa maombi ya wateja wetu wapendwa, hakuna aliyeomba.

Unasema nini? Sema kwa sauti, leo nakuruhusu. Ulitaka... ulitaka watu wengi wanijue. Ulitaka siku hiyo oda ziwe nyingi kuliko siku yoyote. Loo, mwanangu. Njoo hapa. Weka kichwa hapa. Wewe ndivyo unavyolia, kwa oda, nimeshaelewa, na hasira yangu imepungua, haijaisha. Lakini sikia, mimi sikuwa mtu wa kutupwa kwa bei rahisi. Nimeshona pindo hizi mpaka macho yakaingia ukungu, na kila aliyelala juu ya shuka langu alilala vizuri. Siku nikifa, duka liwe wazi, bei iwe ileile. Weka picha yangu ukitaka, nyingine lakini, andika kwamba nimekwenda, na usiandike asilimia yoyote chini yake. Atakayenunua siku hiyo na anunue kwa sababu anataka shuka.

Naanza kuchoka. Binti, inua mto. Hapo hapo.

Mungu awape riziki isiyo na uongo ndani yake. Awape wateja wanaorudi. Awafanye msikilizane hata pale mnapokasirikiana, na huyu mama yenu mdogo mkimkosea, mkamuombe radhi siku hiyohiyo, msikae miaka kama mimi. Nimewaridhia wote wawili. Wewe pia, Bosi, pamoja na nusu bei yako.

Ni nini hiyo? Simu. Nani anaandika? Soma, nasikia. Anataka pea ya mashuka meupe ya kitanda kikubwa... ameona bei... anauliza mwisho ngapi. Haya, basi. Mjibu nikiwa hapa. Mwambie bei ni hiyo hiyo, na kwamba kitambaa kinafuliwa miaka bila kupauka, na kwamba tukipokea malipo leo mzigo unaondoka leo. Usiongeze kitu. Tuma.

Ameona? Ameona lakini hajajibu. Sawa. Kidole chako kinakuwasha, nakiona, unataka kumwandikia tutakupunguzia kidogo. Nipe mkono wako huo. Nipe. Ukae hapa ndani ya mkono wangu.

Subiri naye. Mtu anafikiri... ana mahesabu yake na yeye. Hata mimi nimekaa mbele ya watu namna hiyo maisha yangu yote, moyo unadunda, nimefunga mdomo.

Mdogo wangu, waambie waendelee kushona, napenda kuzisikia.

Bado? Basi tusubiri. Nafumba macho kidogo... asipolipa msimfuate, wanangu. Na akilipa, msiniamshe.